Mawimbi ya Jirani na Salio la Mama

Ndugu mmoja, mfanyakazi wa kiwanda hapa Dar es Salaam, ambaye ameomba jina lake lisitajwe, ameniletea barua ndefu yenye uchungu mwingi. Mama yake mzazi anaishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kibondo, upande wa machweo, si mbali na mpaka wetu na Burundi. Kila apokeapo mshahara, ndugu huyu humtumia mama salio la simu ili wapate kuzungumza. Salio hilo halimalizi siku tatu. Mama mwenyewe hana mazoea ya kupiga simu. Kazi yake ni kupokea tu. Anayekaa naye ni mdogo wake mwandishi wa barua, kijana wa miaka kumi na minane, na huyo ndiye anayeshika simu na kumsomea mama ujumbe. Ameulizwa mara tatu kulikoni, na mara tatu amejibu: "Kaka, mimi sijaligusa." Sasa kaka mtu anataka kumwondoa kijana kwa mama, ampeleke kwa mjomba Kasulu. Ananiuliza kama kuna njia ya kumnasa mwizi wa salio.

Nilimjibu kwamba kabla ya kumhukumu kijana, ampigie simu kupitia jirani na kumwuliza swali moja dogo: saa ya simu ile ya mama inasemaje?

Najua swali hili litawashangaza wengi. Lakini mtu aliyepata kuishi Kibondo au Kasulu, hasa vijiji vya mpakani, atakuwa amekwisha tabasamu. Burundi wanatumia saa ya Afrika ya Kati, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa moja kamili. Mitandao mingi ya simu huziambia simu zilizojiunga nayo ni saa ngapi, na simu iliyoachiwa ijirekebishe yenyewe hutii bila kuuliza. Kwa hiyo simu ya Kibondo ikishikwa na mnara wa Burundi, saa yake hurudi nyuma. Mwenye simu hulala akiwa Tanzania na kuamka, kwa hesabu ya kioo cha simu, akiwa Burundi, ilhali kitanda hakikusogea.

Na hili lina hasara yake. Jamaa yangu mmoja alikuwa asafiri kwa basi la saa kumi na mbili alfajiri kutoka Kibondo mjini, akimpeleka mtoto hospitali. Aliitegemea simu imwamshe. Ilimwamsha, tena kwa mlio mzuri, basi likiwa limekwisha kuondoka kitambo. Nilipomwuliza kwa nini hakutazama hata mwanga wa nje, alinipa jibu ambalo sikuweza kulipinga. Kibondo iko mbali sana magharibi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo jua huchelewa kuchomoza kule kwa zaidi ya nusu saa. Sisi wa pwani tunapokunywa chai mchana umekwisha pambazuka, wao bado wako gizani; jua lao hutoka karibu na saa moja ya asubuhi. Ukiwa na saa ya Burundi mkononi, jua hutoka karibu na saa kumi na mbili, kama inavyotarajiwa na kila mtu wa nchi za ikweta. Ndiyo kusema kwamba jua lenyewe huitetea saa ya ugenini, na jicho la binadamu halioni kosa.

Turudi kwenye salio. Simu ya mkononi, iwe ya tochi au simu janja, kwanza huutafuta mtandao wa nyumbani, yaani ule wa laini yake. Ukikosekana, hata kwa dakika chache, hutazama mitandao mingine yote inayosikika na kuomba kupokewa. Kama kampuni yako ina mapatano na kampuni ya nchi ya pili, itapokewa. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: simu ikishapokewa na mtandao wa nchi nyingine, aghalabu haihangaiki tena kuutafuta wa nyumbani mpaka wimbi lile la ugenini limepotea. Mnara wetu unaweza kuwa umerudi hewani saa nyingi, simu ikawa bado imetulia kwa jirani kama mgeni asiyejua kuaga. Wakati huo wote kila simu unayopiga hutozwa kama ya nje ya nchi. Hata kupokea hutozwa! Na simu janja ndiyo mbaya zaidi, kwa maana huzungumza na intaneti kimya kimya usiku kucha pasipo mtu kuigusa.

Mama anayepokea tu, na salio linakwisha. Je, mwizi ni nani?

Msomaji atauliza kwa nini mnara wa nchi nyingine usikike vizuri kuliko wetu. Sababu ni vilima. Mawimbi ya simu, kama yale ya redio za FM, hutembea karibu sawa na mwanga: husonga mbele moja kwa moja, na kilima kikikaa katikati huacha kivuli nyuma yake. Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo zimejaa mabonde, na kijiji kilichojibanza upande wa magharibi wa mlima huwa kimeupa kisogo mnara wa Tanzania na kuielekezea Burundi uso. Nchi ile nayo huzidi kupanda kadiri unavyokwenda magharibi, hata vilele vyake vikafika mita zaidi ya 2,600 juu ya bahari. Mnara uliosimamishwa juu ya milima kama hiyo huona mbali. Mafundi wana hesabu nyepesi ya jambo hili: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, zidisha kwa 4, utapata takriban kilomita ambazo wimbi litafika kabla ya kuzuiwa na mviringo wa dunia. Mnara wa mita 100 huona kilomita 40. Uweke huo huo juu ya mlima unaozidi nchi iliyouzunguka kwa mita 800, nao utaona kilomita 120.

Kuona, hata hivyo, si kusikilizana. Simu ndogo za tochi hutumia mtambo wa kizazi cha pili, ambamo watu wanane hupokezana wimbi moja kwa zamu fupi mno. Ili zamu zisigongane, mnara hupima umbali wa kila simu na kuiamuru iwahi kusema kidogo, na kipimo hicho kina hatua 63 tu, kila hatua karibu mita 550. Piga hesabu, utapata kilomita 35. Simu iliyo nje ya hapo yaweza kuonyesha vijiti vimejaa, lakini ukipiga haitoki. Nimewasikia watu wa Kibondo wakiilaani simu kwamba imeharibika, wengine wakainunua nyingine, nayo ikafanya vile vile. Simu si mbovu. Inausikia mnara usioweza kuijibu.

Namna ya kuutambua mnara ni hii. Ingia katika mipangilio ya simu, kwenye mambo ya mtandao, uiambie itafute mitandao yote. Itachukua dakika moja au mbili, kisha italeta orodha. Mingine itaandikwa kwa jina, mingine kwa tarakimu tupu, na tarakimu hizo ndizo zisizodanganya. Kila nchi duniani imepewa namba yake ya minara, nayo ni tofauti na namba za kupigia simu. Tanzania ni 640, Burundi 642, Rwanda 635, Kongo 630. Ukiona 642 mbele ya tarakimu nyingine, umekwisha kujua unazungumza na nani. Basi chagua mtandao wako kwa mkono, badala ya kuiachia simu ichague yenyewe. Zima pia ruhusa ya kutumia intaneti katika mtandao wa nje, na saa uiweke mwenyewe. Utakaposafiri, kumbuka kurudisha uchaguzi wa mtandao kama ulivyokuwa.

Jambo moja la hadhari. Namba ya dharura 112 hupita katika mtandao wowote unaosikika, hata ule usio wa laini yako. Ni neema kubwa, lakini mpakani yaweza kukufikisha kwa watu wa nchi nyingine ambao hawawezi kukuletea gari. Mwenye mgonjwa nyumbani aandike ukutani namba ya zahanati na ya mtendaji wa kijiji.

Kabla ya simu, wananchi wa nyanda hizi walikuwa mafundi wa mawimbi kwa masikio tu. Wilaya na misheni zilitegemea redio koli, mtambo wa kusema kwa zamu na kumalizia kila sentensi kwa "ova". Majumbani palikuwa na redio za betri. Dar es Salaam iko takriban kilomita 1,000 kutoka Kibondo kwa mstari ulionyooka, na wazee wanakumbuka kwamba Radio Tanzania ilisikika vyema zaidi usiku. Hawakuwa wakiota. Mchana kuna tabaka la anga lililo juu yetu ambalo hunywa mawimbi ya kati; jua likitua tabaka hilo hufifia, na mawimbi hupanda hadi tabaka la juu zaidi, yakarudishwa ardhini mamia ya kilomita mbali. Ubaya wake ni kwamba na za nchi nyingine hufika kwa njia hiyo hiyo, zikaingiliana na kupiga mluzi. Mdundo wa ngoma kabla ya taarifa ya habari ndio uliokuwa kitambulisho. Aliyeusikia katikati ya mikwaruzo alijua amefika nyumbani.

Lugha peke yake haitoshi kuwa kitambulisho katika nchi ya Waha. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, hata msikilizaji wa Heru Juu anaweza kufuata hotuba nzima ya Kirundi kabla ya kujiuliza inatoka wapi. Yafaa kungoja saa itangazwe. Mtangazaji akitaja saa iliyo nyuma ya ile ya ukutani kwako kwa saa moja, huyo si wa kwetu. Pengine naye si wa ng'ambo kabisa: Redio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi, ilianza kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda na Burundi, ikiwa katika ardhi ya Tanzania.

Na hapa ningependa kutua kidogo, kwa maana kwa watu wengi wa nyanda hizi kulitambua wimbi halikuwa jambo la salio. Kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo. Nduta ya Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko. Mtu aliyeacha mji wake na ndugu zake nyuma hukaa na redio sikioni akitafuta jina la kijiji chake. BBC ilianzisha mwaka 1994 matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake kiunganisha jamaa, kwa ajili hiyo hasa. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi mjini Bujumbura, redio kadhaa za watu binafsi zilishambuliwa na kunyamazishwa. Kwa aliyezoea kuzitega, sauti inayomfahamisha habari za nyumbani ilikatika ghafla. Je, ni betri? Ni redio? Ni erio iliyokatika?

Katika FM jibu lipo masikioni. Kituo kisichopo hewani huacha mvumo mtupu, kama mvua juu ya bati. Lakini ikiwa mtambo umewashwa na hakuna anayesema, mvumo hutoweka, pakawa na kimya kizito. Wimbi limefika, ila halikubeba neno. Na kama stesheni nyingine zasikika sawasawa, redio yako ni nzima. FM ina tabia nyingine pia: stesheni mbili zikitumia masafa yale yale, redio hulishika lile wimbi lenye nguvu na kulimeza dogo. Ndiyo maana ukisafiri kwa basi, wimbo wa Tanzania hukatwa katikati na mahubiri ya ng'ambo, kisha kona inayofuata wimbo ukarejea. Mawimbi ya kati hayafanyi hivyo. Yenyewe huchanganyika yote pamoja kama watu wa kilabuni.

Wenye redio ndogo za mawimbi ya kati wanaweza hata kujua wimbi limetoka upande gani. Ndani ya redio hizo mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, nacho ndicho erio yake. Igeuze redio polepole: sauti itafifia kabisa pale ncha ya kijiti inapoelekea kwenye mtambo. Mtu wa Kibondo achore mstari wake katika ramani, na mtu wa Kasulu, aliye zaidi ya kilomita 100 kusini, achore wake. Mistari itakutana mahali mtambo ulipo. Wafanye mchana, maana usiku mawimbi yanayorudi kutoka angani hudanganya. Vijana wa shule wangefurahia zoezi hili kuliko mengi wanayofundishwa ubaoni.

Wapo watakaouliza: mbona hakuna askari wa kuyazuia mawimbi mpakani? Wimbi halizuiwi, hugawanywa tu kabla halijarushwa. Shirika la Mawasiliano Duniani, lenye makao Geneva, ndilo linaloongoza mapatano hayo. Mwaka 1975 mataifa ya Afrika, Ulaya na Asia yalikubaliana kwamba mawimbi ya kati yapishane kwa kilohezi 9, na ndiyo sababu kila stesheni halali huko husomeka kwa namba inayogawanyika kwa 9, kuanzia 531 hadi 1602. Mpango wa FM wa Afrika na Ulaya ukafuata mwaka 1984. Hapa nchini kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Nchi inayotaka kuweka mtambo karibu na mpaka hupaswa kushauriana na jirani, ili mmoja asimfunike mwenziwe.

Kwa sababu hiyo sina budi kuwakemea, kwa heshima, ndugu wanaowanunulia wazee vile vikuza-mawimbi vinavyouzwa madukani bila kibali. Kifaa hicho hupokea kila kinachopita na kukirusha upya kwa nguvu. Kikiwekwa vibaya hukisikia chenyewe, kikapiga yowe hewani, na mnara unaohudumia kata nzima ukashindwa kuwasikia wengine. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kutumia masafa pasipo leseni. Tena mpakani kifaa hicho hukuza lile lenye nguvu, na lenye nguvu huenda ni la jirani. Afadhali kuihamisha simu: iweke dirisha la mashariki badala ya lile la magharibi, au uitundike juu ya kenchi. Betri nayo itadumu zaidi, kwa kuwa simu ndogo iliyo mbali na mnara hulazimika kupaza sauti hadi wati 2, na iliyo karibu hunong'ona tu.

Na wale wa mjini wasidhani hayawahusu. Katika nyumba za kupanga za Kariakoo au Sinza, intaneti isiyo na waya ya chumba chako, spika ya jirani na oveni ya mawimbi ya ghorofa ya juu vyote vimo katika megahezi 2,400 na ushei, vikipigania hewa ile ile. Nani asiyejua redio inavyokoroma trrr-trrr sekunde chache kabla ya simu kulia?

Mwandishi wa barua amenijibu juma lililopita. Alimpigia mwalimu jirani wa mama, mwalimu akaenda na kuitazama simu. Ilikuwa imewekwa juu ya meza karibu na mlango unaotazama machweo, na saa yake ilikuwa nyuma kwa saa moja. Walipotafuta mitandao, 642 ilitokea mara mbili katika orodha. Kijana amekwisha kuiweka simu katika mtandao wa Tanzania kwa mkono, na salio la mwezi huu, hadi siku barua ilipoandikwa, lilikuwa na siku kumi na moja na bado lipo. Lakini tangu alipotuhumiwa, mdogo mtu anapokea simu, anampa mama, wala hamsalimii kaka yake. Ndugu yangu ananiuliza afanyeje. Hilo, nimemwandikia, halimo katika mipangilio ya simu. Apande basi aende Kibondo.